Injini Ingojee, Mwanangu

Kaa kwanza, mwanangu. Habari imeshanifikia. Umenunua ile Land Cruiser kuukuu, ile fupi ya mazutu, na usiku uleule ukaifungia betri upate kusikia sauti yake. Wameniambia ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, ikawaka, na vijana wote wa avenyu wakapiga makofi. Nimefurahi nawe. Lakini hakuna hata mmoja aliyeniambia kama inasimama.

Ninajua unavyowaza. Hapa Kolwezi mmekua na haraka. Mmeona mtaa wa Kasulo, jinsi watu walivyoanza kuchimba madini mwaka 2014 nyuma ya nyumba zao, halafu ndani ya vyumba, chini ya vitanda walivyolalia. Mtu alishuka shimoni asubuhi, jioni akawa na pesa. Ukishaona hivyo ni vigumu kuambiwa kaa na spana moja mkononi mpaka Jumapili. Sikulaumu. Ila gari hilo halikuja na haraka hiyo. Toyota walianza kutoa familia hiyo ya 40 mwaka 1960, wakaitia injini ya dizeli miaka ya 1970, wakaacha kuiunda mwaka 1984. Yako, hata ikiwa ya mwisho kabisa, imepita miaka arobaini. Iache ingoje mvua moja zaidi ipite.

Anza na breki. Ninajua breki hazina sauti na hazipigiwi makofi. Anza nazo hata hivyo.

Nikuambie kwa nini. Gari langu la kwanza la kufufua lilikuwa Land Rover ya Series III, ya esansi. Nililipata bila viti, kuku wanataga ndani. Nilipogusisha sumaku mlangoni haikushika, na mimi nikadhani nimeuziwa bati la ovyo. Baadaye nikajifunza kwamba Waingereza walipoonyesha Land Rover ya kwanza kule Amsterdam mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu kwao baada ya vita, ndiyo maana mwili wakautengeneza kwa alumini na shasi wakaiacha ya chuma. Basi hiyo sumaku itunze mfukoni. Kwenye Toyota yako itakupa habari nyingine: mwili wake ni chuma, kwa hiyo milangoni au kwenye boneti sumaku ikikataa kushika, chini ya rangi kuna lipu tu ya kuziba kutu. Mimi sikuwa na hekima hiyo. Niliwasha injini siku ya pili, kama wewe. Ilipowaka nikajiona fundi.

Pampu kuu ya breki ilikuwa tupu. Mafuta ya breki yalikuwa hayapatikani mjini wiki ile, lakini mafuta ya haidroliki ya mashine kubwa yalikuwa kwa kila jirani, safi, yanateleza vizuri kati ya vidole. Nikasema mafuta ni mafuta. Mzee mmoja aliyekuwa fundi wa magari mazito alinitazama nikimimina, akaniambia, "Hayo si ya humo." Nikacheka. Nilidhani anataka nimlipe.

Siku za kwanza breki zilishika vizuri kabisa. Hapo ndipo nilipodanganyika. Halafu pedali ikawa ngumu. Halafu gari likawa zito, kana kwamba limefungwa kamba kwa nyuma, nami nikalaumu esansi. Kwenye mteremko wa kushuka Musonoi, mama yenu akiwa pembeni na magunia ya unga nyuma, magurudumu yakajikamata yenyewe. Sikuwa nimekanyaga. Moshi ukatoka kwenye magurudumu ya mbele, na dramu zilikuwa na moto wa kukaangia mayai. Tulikaa kando ya barabara mpaka zikapoa. Mama yenu hakusema neno, na hilo lilinichoma zaidi ya dramu zenyewe.

Sababu ni hii. Raba zilizo ndani ya pampu na silinda za breki zimetengenezwa kuishi na mafuta ya breki peke yake. Zikionja mafuta ya injini au ya haidroliki, zinavimba. Kwenye pampu kuu kuna tundu dogo ambalo mafuta hupitia kurudi unapoinua mguu. Raba ikivimba inaliziba. Mafuta hayarudi, breki haziachii, zinasugua mpaka zinachemka. Na huwezi kuosha ukasahau. Nilibadilisha raba zote, za breki na za klachi, na mipira yote inayopeleka mafuta kwenye magurudumu, na mabomba nikayasafisha moja moja. Mafuta yale nilipewa bure. Raba zililipiwa kwa mbuzi wawili na baiskeli.

Kwa hiyo utafungua dramu. Kabla ya hapo, jeki usiiamini. Ardhi ya uwanja wenu ni nyekundu na laini, mvua ikinyesha jeki inazama kimya kimya. Weka ubao mpana chini yake, kisha simamisha shasi juu ya vyuma vya kuegemeza au magogo mazito yaliyokatwa sawa. Usitumie matofali, yanapasuka bila kuaga. Halafu lisukume gari kwa bega kabla hujaingia chini. Likitikisika, usiingie.

Ukiiondoa dramu utakuta vumbi jeusi. Usilipulize, wala kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo. Vipande vya breki vya enzi hizo vilichanganywa na asbesto, na vumbi lake likishaingia kifuani halitoki. Lilowanishe kwa maji, lifute kwa kitambaa, kitambaa ukitupe mbali na watoto. Sisi tulipuliza ujana wetu wote. Baadhi ya wenzangu wa wakati ule sasa hawapandi hata ngazi tatu bila kupumzika, na siwezi kukuambia ni vumbi la breki au la mgodi. Tulivuta yote mawili.

Boliti zitakataa. Hapo ndipo nitakapojua kama una subira. Paka mazutu jioni, gonga kichwa cha boliti taratibu, nenda ukale. Paka tena asubuhi. Ikisogea robo, irudishe nusu ya robo hiyo, kisha isogeze tena. Mimi nilikuwa natafuta bomba refu la kuongezea spana nguvu, nikavuta kwa mwili wote, boliti ikakatika ndani. Kuichomoa kulinichukua muda mrefu kuliko kufunga breki zote. Na rafiki yako mwenye Land Rover mwambie aangalie zaidi pale alumini inapokutana na chuma. Unyevu ukiingia kati ya hivyo viwili, alumini inalika, inatoa unga mweupe, na boliti inakuwa imeota mizizi.

Boliti zote usizitupe kwenye beseni moja. Nilifanya hivyo pia. Weka makopo ya maziwa, kila kopo na karatasi yake: gurudumu la mbele kushoto, la mbele kulia, na kadhalika. Una simu, piga picha kabla ya kufungua kila kitu. Sisi tulichora kwa makaa ukutani, na mama yenu akapaka chokaa Krismasi.

Sasa jambo ambalo ni letu, sisi wa huku. Utakuta washa ndogo za shaba kwenye maungio ya mabomba ya breki, na baadaye chini ya nozeli za dizeli. Kazi yake ni kubanwa, kujaza kila mkwaruzo, kuzuia mafuta yasivuje. Zikishabanwa zinakuwa ngumu, na ukizirudisha hivyo zitavuja. Mpya ndizo bora. Zisipopatikana, ishike washa kwa waya, ichome mpaka iwe nyekundu, itumbukize majini. Chuma cha kutengenezea patasi ukikifanyia hivyo kinakuwa kigumu. Shaba inalainika. Isugue ing'ae, ipime kama haijawa nyembamba mno, ifunge. Nimeishi miaka yote hii kati ya mashimo ya mgodi wa Mashamba na mitambo ya shaba ya Luilu, nikaona shaba ikipita kwa treni na kwa malori kwenda kwa watu wengine. Ile niliyoifahamu vizuri ni hiyo ya kuenea kwenye ncha ya kidole.

Vipuri vitakusumbua. Vingi vitakuja kwa njia ya mpaka wa Kasumbalesa, kutoka Zambia, na huko wanaendesha kushoto, usukani wao uko kulia. Raba za breki hazijali. Sanduku la usukani na fito zake zinajali, kwa hiyo usinunue kwa kuangalia picha tu. Toyota wenyewe walitangaza mwaka 2021 kwamba watarudi kutengeneza baadhi ya vipuri vya familia yako ya 40. Ni habari njema kwa mwenye pesa za kusafirishia. Wewe anza na wazee. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya elfu kumi wa kampuni ya madini ya Gécamines waliondoka kwa ule mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharamiwa na Benki ya Dunia, na humo walikuwamo makanika na mafundi wa kukereza chuma. Waliobaki hai wapo Manika, wapo Kapata, wamekaa chini ya miembe na visanduku vya spana ambavyo watoto wao wanataka kuviuza kama chuma chakavu. Nenda kwa mmoja na silinda yako ya breki mkononi. Nenda na sukari. Usiende na haraka, na akikuambia jambo usicheke.

Rafiki yako analalamika kwamba Land Rover yake inatoa moshi mweusi na buji zinajaa masizi. Mwambie tuko karibu mita 1,400 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na kabureta iliyopimwa kwa miji ya pwani inamwaga esansi nyingi kuliko hewa iliyopo. Apunguze mchanganyiko kabla hajanunua injini nyingine. Na tangi lake linalovuja asilipeleke kwa mchomeleaji, hata likiwa tupu wiki nzima. Mvuke wa esansi unakaa ndani unangoja moto.

Ya kwako, moshi wake tutautazama baadaye. Rangi ndiyo ya mwisho kabisa, na usiniulize tena habari ya kijani. Wiki hii nataka dramu nne chini, makopo yameandikwa, na pampu kuu ya breki iko mezani, imefunguliwa na kukauka. Usiijaze kitu. Mtu akikuuzia mafuta, niletee chupa yenyewe, na kifuniko chake, nisome kilichoandikwa. Miwani yangu iko hapo juu ya redio.