Ukweli wa Mzazi na Imani ya Kijana

Nchini Tanzania si ajabu kukuta Juma na Yohana waliozaliwa tumbo moja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu ndoa ya kiserikali baina ya watu wa dini mbalimbali, na Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 19, yampa kila mtu uhuru wa kuchagua dini na wa kuibadili. Lakini uhuru wa kijana wa miaka 15 hautegemei Katiba peke yake. Hutegemea zaidi yale aambiwayo na wazazi wake, na yale afichwayo.

Kuhusu hayo yafichwayo tuna la kusema. Wako akina baba waliosilimu, na akina mama waliobatizwa, kwa ajili ya ndoa tu. Hilo si aibu. Aibu ni kumwambia mtoto kwamba mzazi wake aliiona nuru. Siku moja shangazi huitoboa siri msibani, na kijana huuliza: ikiwa mama alibadili dini apate kuolewa, mbona mimi nakatazwa hata kuuliza? Swali hilo halijibiwi kwa fimbo.

Wengine hudhani kuwa dawa ni mzazi kunyamaza, mtoto akue ajichagulie. Hatukubaliani nao. Kunyamaza nako ni kuficha, na asiyeonyeshwa njia hata moja hana cha kuchagua. Mzazi na afundishe, tena kwa bidii, ilimradi aseme: hili naliamini kwa moyo wote, hili nalishika kwa kuwa ndivyo nilivyolelewa, na hili bado lanitatiza.

Dini zenyewe zautambua umri huu. Kwa Waislamu, mtoto abaleghepo, sala na saumu humlazimu yeye mwenyewe. Kwa Wakatoliki na Walutheri, kipaimara humtaka kijana aikiri kwa kinywa chake imani ambayo wakubwa waliikiri alipobatizwa angali mchanga. Ikiwa kinywa ni chake, basi aweza pia kusema "bado". Mzazi amsukumaye madhabahuni kwa kuogopa maneno ya majirani amfundisha uongo mahali patakatifu.

Jambo huwa zito zaidi kijana atakapo kuiacha dini ya ukoo. Hapo huingia habari ya mirathi, na ya nani atamzika na wapi. Ni haki aelezwe hayo mapema, pasipo kuyageuza vitisho. Na ikiwa baba anaumia, aseme kwamba anaumia. Kijana astahili kuliona chozi hilo kuliko kutumiwa wajomba usiku waje kumkemea.