Ziada ya Adhuhuri

Hapana mtu aliyepata kudai mahakamani kuwa jua ni milki yake, wala sijasikia mtawala, hata katika wale waliojinasibisha na jua kwa ukoo, aliyemtoza raia wake kodi kwa kuanika nguo au kukausha karafuu. Lakini tangu paneli za sola ziliposhuka bei, hata mwalimu wa skuli na mwenye duka la rejareja wakaweza kuzipandisha juu ya mapaa yao, limezuka suali ambalo wazee wetu hawakulazimika kulijibu. Nuru iliyoshuka bure juu ya paa, ikageuzwa umeme kwa chombo kilichonunuliwa kwa fedha ya mtu, kisha ikazidi haja ya nyumba yake, ziada yake ni ya nani, na jirani asiye na paneli ana haki gani ndani yake?

Wanazuoni walikwisha kulijadili jambo hili katika maji kabla halijafika katika umeme. Imepokewa na Abu Daud na Ibn Majah kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwahesabu watu kuwa washirika katika maji, malisho na moto. Na Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ambaye kitabu chake cha Minhaj kimesomeshwa katika misikiti ya mwambao wetu vizazi kwa vizazi, alipofika kwenye mlango wa kufufua ardhi iliyokufa alipambanua hali mbili. Maji ambayo mtu ameyateka katika chombo chake ni mali yake. Ama maji ya kisima alichokichimba, ingawa nayo ni yake, hana ruhusa ya kuizuia ziada yake na wanyama wa mwenziwe wenye kiu, ijapokuwa halazimiki kuitoa kwa ajili ya kunyweshea mashamba. Mpaka huo umechorwa kwa busara kubwa, kwa sababu haki ya mwombaji haikupimwa kwa wingi wa mali ya mwenye kisima, bali kwa ukubwa wa dhiki ya mwenye kiu: roho imetangulizwa mbele ya faida.

Umeme uliokwisha kuingia katika betri hauna tafauti na maji yaliyomo mtungini, na sioni hujja ya kumlazimisha mtu autoe. Shaka imo katika ule wa saa sita za mchana, jua likiwa utosini, betri imejaa, friji imenyamaza, watoto wako skuli na wenyewe wako kazini. Kwani paneli isiyo na pa kupeleka nguvu zake haiongezi hazina ya mwenyewe hata kwa chembe moja, bali jua huipasha moto tu likaenda zake. Maji ya kisima yakizuiwa leo yatakuwapo kesho, na bahili wake aweza kujitetea kuwa anajiwekea akiba. Bahili wa umeme wa adhuhuri hana utetezi huo, kwa kuwa anachomnyima jirani yeye mwenyewe hakipati. Sura ya Maun, ambayo kila mtoto wa chuoni huihifadhi kabla hajaijua maana yake, inawalaumu wanaozuia vyombo vya kusaidiana, na wafasiri walipotaja mifano walitaja ndoo, shoka na chungu, yaani vitu ambavyo mwenye navyo hukosa kuvitumia muda wote vikiwa kwa mwenziwe. Ikiwa mwenye shoka amelaumiwa, ambaye pengine alikuwa na kuni za kupasua siku ile, sijui tumwambieje aliyezuia kitu ambacho hakuwa na matumizi nacho na kisingemngoja hata mpaka alasiri.

Hapo ndipo mwanafalsafa hudhani kazi yake imekwisha, na fundi wa umeme ndipo aanzapo kucheka. Ziada haibebwi kwa ndoo. Inataka waya, na waya wa mtaa ulitandazwa na watu walioamini kwamba umeme utatoka kwenye transfoma kwenda majumbani siku zote na hautarudi. Kwa hiyo mapaa mengi ya mtaa mmoja yakisukuma kwa pamoja mchana, wakati watumiaji ni wachache, volti hupanda juu ya kipimo chake cha 230, na hupanda zaidi kwenye nyumba ya mwisho, iliyo mbali na transfoma kuliko zote, mpaka inveta ya nyumba hiyo ijizime ili isidhuru vyombo. Mwenye nyumba ya mwisho ana paneli sawa na za mwenziwe wa mwanzo, amelipa fedha ile ile, jua lake ni lile lile, na bado yeye ndiye azimwaye kwa ajili ya ukarimu wa waliomtangulia. Kwa insafu ingepasa kila paa lipunguze kidogo ili lisizimwe moja kabisa, na mafundi wanazo inveta za kufanya hivyo, lakini sheria ya mtaa haijiandiki yenyewe ndani ya inveta. Yuko mtu sharti aiamuru.

Lipo na jambo jingine ambalo wengi hulipokea kwa mshangao. Sanduku la inveta lililopachikwa ukutani, karibu na mlango wa uani, hunguruma kwa sauti ndogo mchana kutwa. Gridi inapokatika husikika mlio mmoja wa swichi, taa ya kijani hubadilika nyekundu, na nyumba yenye paneli kumi juu yake hukaa kimya sawa na kibanda cha jirani, juani. Mwenyewe huona amedhulumiwa. Lakini yuko mtu juu ya nguzo, mikono yake imo katika nyaya ambazo ameambiwa zimekufa, na paa moja tu lingeendelea kuzilisha lingeweza kumwua. Wala njia ya kuepukana na giza hilo si kuzuia ulinzi huo, bali ni kuongeza betri na swichi ya kuitenga nyumba na mtaa, jambo ambalo ni gharama nyingine. Kuondoa madhara ni moja katika kanuni kuu tano ambazo mafakihi wamezijengea hukumu zao, na nadhani hazipo nyumba nyingi za ibada zinazoitii kanuni hiyo kwa wepesi wa sanduku lile.

Sisi wa visiwani tuna sababu ya kuyajua haya kuliko wengine. Unguja hulishwa umeme kutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari baina ya Ras Kiromoni na Fumba tangu mwaka 1980. Waya huo uliposhindwa mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani kwa kiasi cha mwezi mmoja, na uliposhindwa tena Disemba 2009 umeme haukurudi mpaka Machi 2010, hata waya mpya wa megawati 100 ulipolazwa mwaka 2013 watu wakaanza kuamini tena friji zao. Katika miezi ile mitatu pampu za maji zilisimama, ndoo zikarudi vichwani, samaki wakakosa barafu, na Mji Mkongwe ukajaa mngurumo na moshi wa jenereta. Kila mwenye uwezo alijifanyia serikali yake ya umeme uani mwake. Simu za wasio na uwezo zilipangwa mezani kwa mwenye jenereta, kila moja na kipande cha karatasi chenye jina la mwenyewe, na aliyelipa alichajiwa. Sina lawama kwa mwenye meza, kwani petroli haikuwa bure. Lakini mtu aliyeuona mji ule hawezi tena kusadiki kwamba watu elfu waliojitosheleza mmoja mmoja ni sawa na mji uliotoshelezwa.

Kwa hiyo naona kwamba wanaobishana juu ya bei ya ziada wanabishana juu ya tawi na kuliacha shina. Kenya, kwa kanuni zake za mwaka 2024, imeamua kwamba mwenye paneli apelekaye yuniti moja katika gridi ahesabiwe nusu yuniti ya kujirudishia baadaye, na wenye mapaa wamelalamika kuwa wamepunjwa. Yuko pia atakayeuliza kama kubadilisha yuniti moja ya mchana kwa nusu ya usiku si riba. Mshafii atamjibu kwamba riba ya namna hiyo ni katika dhahabu, fedha na vyakula, na umeme hauliwi wala si thamani ya vitu, ingawa Mhanafi, atazamaye mizani na kipimo, huenda akakaa kidogo akafikiri. Mimi sioni kuwa nusu ni dhuluma kwa sababu tu ni nusu. Yuniti inayotoka adhuhuri hutoka wakati haiombwi na wengi, na ile inayorudi baada ya magharibi hurudi wakati kila nyumba imewasha taa, feni na televisheni, nayo imetoka kwenye mtambo ambao mtu ameukesha. Baina ya mbili hizo pana nguzo, transfoma, mita na yule mtu wa juu ya nguzo. Kiasi cha haki chaweza kuwa zaidi ya nusu au chini yake, na hesabu itasema. Kisichowezekana ni kusema kwamba waya hauna thamani.

Tazama yaliyoifika Pakistan. Nchi hiyo iliingiza paneli za kiasi cha gigawati 17 katika mwaka 2024 peke yake, kwa sababu umeme wa gridi ulikuwa ghali na hauaminiki, nazo fedha zilitoka mifukoni mwa watu wala si katika hazina ya serikali. Ni jambo la kufurahisha, mpaka ukumbuke kwamba mitambo mikubwa ya nchi ile imefungiwa mikataba ambayo hulipwa kwa kuwapo kwake, itumike isitumike; basi kila tajiri aliyejitoa au kujipunguza katika gridi aliuacha mzigo ule ule juu ya mabega machache zaidi, na mabega hayo ni ya wapangaji na wenye mabanda. Hakuna aliyeiba. Kila mmoja alichukua jua lake juu ya paa lake kwa fedha yake, na maskini akaamka analipa zaidi. Katika zama zetu kitu ambacho watu ni washirika ndani yake si nuru, ambayo haipungui kwa kuchukuliwa. Ni waya, ambao hupungua kwa kuachwa. Na deni la mwenye paneli kwa jirani yake, kwa maoni yangu, si kwanza kumpa ziada bure, bali ni kutokujitoa katika waya unaomlisha jirani huyo, na kubeba sehemu yake ya gharama hata katika miezi ambayo mita yake haikuzunguka.

Bangladesh walishika njia nyingine, kwa kuwa vijiji vyao vingi havikuwa na gridi ya kuachwa. Huko nyumba zaidi ya milioni 4 zilifungwa mitambo midogo ya sola, na mwaka 2015, katika wilaya ya Shariatpur, kampuni ya SOLshare ilianza kuziunganisha nyumba za majirani kwa nyaya fupi na visanduku vinavyohesabu, ili aliyejaza betri amwuzie asiyejaza. Yapo maneno ya kusema dhidi ya mpango huu, nayo si mepesi: jirani aliyekuwa akiomba moto sasa ananunua, na kinachohesabiwa kila dakika hakina nafasi ya ihsani. Lakini Sayyidna Uthman bin Affan, wapokezi husimulia, alipoona watu wa Madina wanauziwa maji ya kisima cha Ruma, alinunua nusu yake, siku moja yake na siku moja ya mwenyewe. Watu wakateka bure katika siku yake maji ya kuwatosha siku mbili, hata mwenye kisima alipokosa wanunuzi akamwuzia nusu iliyobaki, na kisima kikawa wakfu. Uthman hakuanza kwa kumkemea muuzaji. Alianza kwa kukigawa kisima katika siku zinazohesabika, na kama hesabu isingekuwapo, asingekuwa na cha kununua wala cha kutoa.

Na ikiwa tunatafuta pa kuanzia, misikiti yetu ina mapaa mapana. Taa zake huwaka magharibi, isha na alfajiri, saa ambazo jua halipo, na mchana hutaka feni za adhuhuri na alasiri tu. Kwa hiyo paa la msikiti, kwa maumbile ya sala zenyewe, ni mtoaji kabla halijaamriwa kutoa. Marrakesh walipandisha paneli juu ya Koutoubia mwaka 2016, na mnara wake haukuanguka kwa aibu. Hapa Unguja, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inasimamia majengo mengi yenye mapaa, ilhali katika majumba marefu ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, mamia ya jamaa wanaishi chini ya paa moja ambalo ni la wote na kwa hiyo si la yeyote. Hakuna mpangaji wa ghorofa ya pili atakayepanda kufunga paneli huko, hata angekuwa na fedha.

Umeme wenyewe hauwekwi wakfu. Nawawi ameutaka wakfu uwe katika kitu ambacho manufaa yake hudumu, akavitoa chakula na rihani ambavyo huisha kwa kutumiwa, na hakuna kiishacho upesi kuliko yuniti. Lakini paneli hudumu miaka 25 na zaidi, na hiyo yawekwa wakfu kama shamba linavyowekwa na mazao yake yakaliwa. Mwenye kuiweka na aandike sharti lake waziwazi, kwamba yuniti zinazozidi haja ya msikiti zihesabiwe katika mita za Tukuza, zile za kulipia kabla, za wapangaji wasio na paa. Na kwa kuwa inveta hufa mapema kuliko paneli, mtawalli atenge kwanza fungu la inveta ya pili, kama desturi ya wakfu inavyotanguliza matengenezo, kisha ndipo majirani wagawiwe.