Mawe Yaliyochaguliwa kwa Macho

Mstaafu mmoja wa Kitengela alimaliza kujenga akabakiwa na vigae vya sebuleni, vile vinavyong'aa hadi unaona uso wako. Akaamua vitandazwe bustanini, kutoka getini hadi barazani. Fundi alimwambia, "Mzee, hivi ni vya ndani." Akajibiwa kwamba pesa si zake na bustani si yake. Fundi anayelipwa kwa siku hujua pa kunyamazia.

Ilikuwa Februari, jua kali. Udongo wa Kitengela ni ule mweusi wa mfinyanzi: kiangazi hupasuka nyufa, mvua ikinyesha huvimba na kuinua chochote kilicho juu yake. Watu wa huko wanaujua, na mzee mwenyewe aliuchimbia msingi wa nyumba hadi akaupita. Lakini kwa njia ya bustani aliona kuchimba ni kupoteza hela. Vigae vikabandikwa kwa saruji kidogo juu ya udongo huohuo, nafasi zikapimwa kwa hatua zake mwenyewe, naye ni mrefu. Mkewe akawa anaruka kama mtoto anayecheza kede.

Masika yakaingia. Kufikia Aprili vigae vingine vimeinama, vingine vimepasuka katikati, na vilivyo chini ya mwembe vimeota ukoga wa kijani. Mama mkwe akaja kutoka Machakos na kiondo chake, akakanyaga cha tatu, mguu ukamtoroka. Mkono ukavunjika kwenye kiwiko. Aibu ya mkwe kuanguka uani kwako haina haja ya kuelezwa.

Mtu akinunua viatu huvijaribu miguuni. Mawe ya kukanyagia huyachagua kwa macho tu. Fundi wa pili, aliyeitwa baada ya ajali hiyo, hakuwa na haraka ya kununua. Kwanza alimwagia maji njia nzima, akamwomba mama mwenye nyumba atembee mwendo wake wa kawaida, kisha akachomeka kijiti kila ulipoacha alama unyayo. Vijiti vile ndivyo vilivyoonyesha mawe yalale wapi.

Akaenda kutafuta mawe ya Mazeras, yale ya mchanga yanayotoka Pwani, yenye uso wa kukwaruza. Hata hayo hakuyabeba ovyo. Jiwe hilo lina matabaka, na lililo jembamba humenyuka, kwa hiyo alitaka unene wa sentimita 5 hivi na upana wa kutosha mguu mzima. Kila moja aliligonga kwa nyundo: lililo zima hulia, lenye ufa hutoa sauti ya kufa. Mengine aliyamwagia maji akasimama juu yake, aone kama yanateleza.

Chini ya kila jiwe alitoa udongo mweusi, akashindilia moramu, juu yake mchanga. Saruji hakutia kabisa. Mfinyanzi ule hauishi kusukuma, alisema, na jiwe lililolala juu ya mchanga likiinama unalinyanyua tu, unaongeza mchanga, unalirudisha. Aliyalaza sawa na nyasi ili fyekeo lipite bila kugonga, yakiinama kidogo upande mmoja maji yasituame.

Desemba mama mkwe alirudi. Alisimama getini, akayakagua mawe moja moja, akasema, "Mwanangu, tangulia wewe."