Uchovu wa Mgonjwa si Uvivu

Nabii Elia alikuwa mtu wa Mungu mwenye bidii nyingi. Hata hivyo siku moja alilala jangwani chini ya mti, akaomba afe, kwa maana nguvu zilikuwa zimemwishia. Je, Mwenyezi Mungu alimkemea? La, hakumkemea. Alimpelekea malaika mwenye mkate na maji. Elia akala, akalala. Akaamshwa mara ya pili, akala tena, kwa kuwa safari iliyobaki ilikuwa ndefu. Ndipo akaondoka kwenda mlima Horebu. Habari hii imo katika Kitabu cha Wafalme, na yafaa iwekwe moyoni na kila mkatekumeni aliye na mgonjwa nyumbani mwake.

Watu wa Shituru na wa Likasi nzima si wageni wa mawe yenye nguvu. Karibu nao ni Shinkolobwe, ambako mwaka 1915 yaligunduliwa mawe yenye urani na radiamu. Tangu mwaka 1922 radiamu ya mawe hayo ilisafishwa huko Olen, Ubelgiji, na madaktari wakaitumia kutibu kansa. Mwaka 1945 urani ya mahali pale pale ilitiwa katika bomu la vita. Jiwe ni lile lile. Moyo wa mwanadamu ndio ulioligeuza kuwa dawa au kifo. Kobalti nayo, ambayo hupatikana Katanga pamoja na shaba, hugeuzwa katika tanuru za atomi ili itoe mionzi, na tangu mwaka 1951 mionzi hiyo imetibu wagonjwa wengi wa kansa.

Mama mwenye kansa ya ziwa, akiisha kupasuliwa, mara nyingi hupewa mionzi siku tano kila juma, kwa majuma matatu hadi sita. Mionzi huua mabaki ya ugonjwa, lakini hugusa pia nyama nzima, na mwili hutumia nguvu kujitengeneza. Basi uchovu huanza baada ya majuma machache, huzidi kuelekea mwisho wa matibabu, na huweza kudumu majuma au hata miezi baadaye. Si uchovu wa mkulima. Mkulima akilala usiku, asubuhi nguvu zimerudi. Mama huyu hulala, akaamka amechoka vile vile.

Hapo ndipo majaribu yanapoingia nyumbani. Jirani husema: Kidonda kimekauka, mbona hatwangi? Mwingine hunong'ona kwamba amerogwa. Wa tatu humkataza asimbebe mtoto wake, akidhani mionzi imebaki mwilini. Naye mgonjwa, akisinzia katikati ya Rozari, hudhani Mungu amemwacha.

Wote wamekosea. Amwitaye mgonjwa mvivu humhukumu mwenzake bila haki. Asemaye uchawi huvunja jina la jirani asiye na hatia. Na mionzi ya mashine hupita kama mwanga wa taa: taa ikizimwa, mwanga haubaki, mama na ambebe mtoto wake bila hofu. Tena asiyeweza kumaliza sala zake hajaachwa. Bwana wetu Yesu Kristu mwenyewe alichoka njiani, akaketi kisimani Samaria, akaomba maji kwa mwanamke mgeni. Hakuona haya kuomba.

Basi mgonjwa na afuate njia ya Elia. Ale bukari pamoja na maharagwe, samaki au mayai, anywe maji. Apumzike kidogo mchana, lakini asilale kutwa, kwa maana madaktari wamehakikisha kwamba kutembea kidogo kila siku hupunguza uchovu huo. Aanze kwa kwenda mpaka kwa jirani na kurudi. Achague kazi moja ya lazima, nyingine awaachie wengine. Akipata homa, akihema, akiona kizunguzungu, au huzuni isipomtoka, arudi kwa daktari. Huenda damu imepungua. Asinunue dawa za nguvu sokoni.

Na mume asione haya kuchota maji na kupika. Simoni wa Kirene alibeba msalaba wa Bwana mbele ya watu wote, wala heshima yake haikupungua. Jina lake linatajwa mpaka leo.

MAULIZO

Je, uchovu wa mgonjwa ni dhambi?
Si dhambi. Dhambi ni kumdharau aliyechoka.

Mgonjwa asiyeweza kusali sana afanye nini?
Aseme neno moja kwa moyo: Bwana, nimechoka, ukae nami. Yatosha.

Kusudi la juma: Kila mkatekumeni ampelekee mgonjwa mmoja ndoo ya maji au kuni, bila kungoja kuombwa.