Kutegemea kuna ubaya gani?

Tarehe 31 desemba 2018, kesho yake ya uchaguzi, serikali ilikata intaneti katika inchi yetu. Ilirudi karibu siku 20 nyuma. Mwenye mtoto Ulaya hakuona tena sura yake kwa WhatsApp.

Wengine wanasema: ndiyo malipo ya kuacha desturi, wazee hawakutegemea kitu. Hapana! Wazee walitegemeana sana. Moto uliombwa kwa jirani; kwenye matanga kila mtu alileta kuni, maharagwe na mikono yake. Kutegemea siyo haya. Swali ni hili: unayemtegemea, naye anakutegemea? Jirani wa Kadutu akikunyima moto leo, kesho atahitaji maji yako. Kwa hiyo anaogopa kukunyima. Mwenye kukata intaneti yuko Kinshasa, hahitaji kitu chako.

Basi telefone tuitumie, ni chombo kizuri. Ila pole ya matanga tusiitume kwa mesaji tu, wakati miguu inaweza kufika. Njia ya kwa jirani isipopitwa, majani yanaiota. Siku wakikata tena, tutapiga hodi wapi?