Mbali na Ngoma

Katika sura ya 7 ya Injili ya Marko kuna jambo ambalo wahubiri wengi tunalipita haraka ili tufike kwenye muujiza. Walimletea Yesu kiziwi mwenye ulimi mzito, wakamsihi amwekee mkono. Hakufanya hivyo palepale mbele ya watu. Kwanza alimtoa kwenye kelele, wakabaki wawili. Halafu, kabla ya neno lolote, alitumia vidole: akamgusa masikio, akamgusa ulimi. Mtu asiyesikia utamwambia nini kwa mdomo? Alianza na kile ambacho yule mtu aliweza kukipokea.

Hapa parokiani kwetu Katandala, Ufipa, nimewaona kina mama wakifanya hivyohivyo, na hakuna padre aliyewafundisha.

Ni kina mama wenye watoto wadogo wenye usonji. Mtoto wa miaka mitatu au minne haitiki jina lake, hakutazami usoni, tangu asubuhi anapanga vizibo vya soda mstari mmoja, na ukimvurugia analia mpaka sauti inakauka. Mgeni akifika humshika kidevu: "Msalimie padre! Niangalie!" Mama hafanyi hivyo. Anaketi chini kando yake, anaweka kizibo kimoja mwishoni mwa mstari, ananyamaza. Anangoja. Pengine mtoto anakitupa. Pengine anakiacha, na baada ya muda anamsogezea mama kizibo kingine bila kumtazama. Hapo wameshaongea. Akitaka maji, anamshika mama mkono na kumvuta hadi kwenye ndoo, kana kwamba mkono ule ni kata ya kuchotea. Mama hamwekei masharti kwamba aseme kwanza. Anasema "maji," mara moja, anachota, anampa. Kesho vilevile, na keshokutwa.

Juni na Julai, upepo wa Ufipa unapokata masikio, utamwona mtoto wa namna hiyo yuko nje na fulana. Majirani wanasema mama hajali. Hawajui kwamba sweta la sufu linamwasha kupita kiasi, kwamba mama alijaribu kuligeuza ndani nje ikashindikana, na kwamba chini ya fulana wanayoiona kuna nyingine mbili.

Katika Biblia, kuhani Eli naye alihukumu kama majirani hao. Mwanamke aitwaye Hana alikuwa akiomba, midomo inacheza bila sauti, na yule mzee wa Shilo akaamua kwamba mama huyu amelewa. Kuhani kabisa, tena mahali patakatifu! Sisi wenye kola tumjue vizuri Eli.

Wasomi nao walimfuata. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11 wenye hali hii. Baadaye yeye mwenyewe alizungumzia ubaridi wa wazazi wao, na Bruno Bettelheim wa Chicago akaikuza hoja hiyo katika kitabu cha mwaka 1967: kosa ni la mama, hakumpenda mtoto inavyotosha. Wakati huo Bernard Rimland, mwanasaikolojia na baba wa mtoto mwenye usonji, alikuwa ameshaeleza tangu 1964 kwamba chanzo ni cha kimwili, wala si malezi. Hata hivyo kina mama wengi walibebeshwa lawama kwa miaka mingi. Kwetu hatusemi ubaridi. Tunasema mama alivunja mwiko, au kuna mkono wa mtu. Mzigo ni uleule, na mbebaji ni yuleyule.

Utafiti wa karibuni umewarudia kina mama kwa heshima zaidi. Njia moja iliyobuniwa Uingereza ilijaribiwa Goa, India, na Rawalpindi, Pakistan, kwa watoto 65, na waliofanya kazi na familia hawakuwa mabingwa bali wahudumu waliofundishwa. Walimrekodi mzazi akicheza na mtoto, kisha wakaitazama video pamoja naye, wakimwonyesha: hapa ulingoja, naye akakugeukia. Matokeo yalitoka mwaka 2016 katika jarida la The Lancet Psychiatry. Wazazi walizidi kufuata kile ambacho mtoto anashughulika nacho, na watoto wakaanza wenyewe kuwasiliana mara nyingi zaidi. Usonji haukuondoka. Nalisema hili kwa ajili ya familia inayopanda basi kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda, Mbeya, zaidi ya kilomita 300, ikitumaini dawa. Nendeni, mtoto apimwe masikio na aonwe na daktari. Lakini sehemu kubwa ya kazi itarudi nanyi nyumbani, kwenye mkeka. Na baba, huo mkeka una nafasi yako.

Kuhusu maombezi sitazunguka. Kumwombea mtoto ni haki yake. Kumshika mikono na miguu huku watu kumi wakimpigia kelele pepo atoke, mtoto ambaye hata kigelegele kinamuumiza masikio, ni kumtesa. Asifanyiwe hivyo katika jumuiya yoyote ya parokia hii.

Sasa mambo ya utekelezaji. Wahudumu wa mlangoni: mtoto akitoka na mama yake ngoma zinapoanza, msiwarudishe wala msimwulize mama kwa nini hamnyamazishi. Kwaya: Misa ya kwanza iimbwe bila ngoma na vipaza sauti vipunguzwe, najua mtalalamika, njooni ofisini tuongee. Kina mama wa WAWATA: msimu wa kulima, mtoto anayependa kutoroka hawezi kuachwa peke yake, na kuna mama ambaye amekosa shamba mwaka mzima kwa sababu hiyo. Pangeni zamu. Kabla ya zamu ya kwanza, kila mmoja akae na mama huyo nusu siku, aone jinsi anavyofanya, na asimfundishe kitu.