Kupumzika Kando ya Maji: Ni Haki au ni Uvivu?

Pwani ya bahari ya nchi yetu ya Kongo ni fupi sana, kilometa 40 hivi, huko Muanda na Banana, na kutoka Kindu ni mbali mno. Lakini maji yanayopita hapa kwetu ndiyo yanayofika kule, kwani Lualaba ukipita Kisangani huitwa Kongo. Basi wenye nafasi ya kwenda baharini, wanaokwenda Kalemie kwenye ziwa Tanganika, na vijana wanaokaa mchangani kando ya Lualaba siku za vakansi, wote wana swali moja: je, Mkristu apumzike namna gani, asije akarudi nyumbani na moyo mzito kuliko alipoondoka?

Wako wanaojibu upesi kwa methali: Kazi mbaya si mchezo mwema. Methali hiyo yamfaa mvivu, lakini haitoshi kwa watu wote. Mtakatifu Toma wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, anasimulia habari ya Yoane Mwinjili. Watu walikwazika walipomkuta akicheza pamoja na wanafunzi wake. Yoane akamwambia mmoja wao, mwenye upinde, apige mshale. Akapiga mara nyingi. Akamwuliza kama angeweza kuendelea hivyo bila kuacha. Yule akajibu kwamba upinde ungevunjika. Ndivyo ilivyo roho ya mtu isipolegezwa hata kidogo.

Kwa hiyo kupumzika ni haki. Lakini tusichanganye kupumzika na uvivu. Toma huyo huyo anafundisha kwamba uvivu wa roho ni huzuni mbele ya mema ya Mungu, tena unapingana na amri ya kuitakasa siku ya Bwana. Tazameni ajabu hii: mvivu hapumziki! Amelala mchangani kutwa, lakini moyo wake unanung'unika: jua ni kali, chakula ni kibaya, wenzake wanamchosha. Kulala zaidi hakutamponya. Dawa yake ni kushukuru na kutumia mikono yake.

Wapiga makasia wa Lualaba wanalijua jambo hili. Ukichoka katikati ya mto, kati ya Kasuku na Alunguli, ukaweka kasia chini, mtumbwi haukungojei, maji yanauchukua. Anayetaka kupumzika hufika kwanza ukingoni na kuufunga mtumbwi wake. Siku za mapumziko nazo zifungwe mahali imara: sala ya asubuhi, Misa ya Dominika, na kazi ndogo ya kila siku, kama kutengeneza wavu, kuwasomea watoto kitabu, kumtembelea mgonjwa. Asiyefunga kitu atachukuliwa na mkondo wa pombe na wa kukaa bure.

Limebaki jambo moja, nalo ni gumu. Nani anafanya kazi wakati sisi tunapumzika? Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 5, Mungu anaamuru mtumishi apumzike kama bwana wake, hata ng'ombe na punda. Ikiwa baba na vijana wamekaa kando ya maji, na mama anateka, anapika na kuosha vyombo tangu alfajiri, nyumba hiyo haijapumzika. Imemtwika mmoja mzigo wa wote. Mtu atasema: «Lakini mimi nimefanya kazi mwaka mzima!» Je, mama hakufanya? Kijana anayempokea ndoo hapotezi vakansi yake, anaigawa.

Bwana wetu Yesu Kristu mwenyewe aliwaita Mitume wapumzike, wakaenda kwa mashua mahali pa faragha. Lakini watu waliwatangulia kwa miguu. Marko, sura ya 6, anasema kwamba aliwahurumia, akaanza kuwafundisha. Ruhusa ya kupumzika tumeipata kwake. Basi, ndugu, pumzikeni bila hofu, na mlango uwe wazi kwa mhitaji atakayebisha.